Bendi yetu ya Maretadu ilivyokosa mwimbaji, ikaishia kumrusharusha mzee wa kanisa

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Ninayoandika yametokea kweli. Kama kuna mtu wa Maretadu, kule Mbulu, humu ndani akaona nimetia chumvi, aninyooshee kidole hapohapo kwenye comment. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Twende.

Bendi yetu inaitwa Sauti ya Maretadu. Haina mwimbaji.

Najua mtauliza. Ngojeni nifike.

Tulianza kama wapiga vyombo wa kwaya. Mimi kinanda, Petro gitaa, Tluway ngoma. Mwimbaji alikuwa Elibariki, kijana mwenye sauti, na mwenye kujua kwamba ana sauti. Tukajitoa kwaya tuwe bendi ya harusi na sherehe. Jina tukaliandika kwenye ngoma kubwa kwa rangi ya mafuta.

Rangi haijakauka, Elibariki akaenda Arusha kuwa staa.

Petro alijaribu kuimba badala yake. Mbuzi wa jirani wakarudi zizini wenyewe mchana kweupe. Hatukurudia.

Ukafika msimu wa maharage. Kwetu yanapurwa kwa fimbo: mnayatandaza kwenye turubai, mnasimama pande mbili, mnapiga kwa kupokezana. Tuko kwa kina Tluway tunapura, pa-pa, pa, pa-pa, na mama yake anapepeta pembeni, shaa, shaa. Ghafla Tluway akasimama, fimbo iko juu.

"Umesikia?"

"Nimesikia," nikamjibu.

Mama yake akauliza, "Mmesikia nini? Pureni!"

Wakuu, muziki wetu ulizaliwa hapo, kwa kufokewa.

Tluway akatengeneza ngoma za mapipa ya plastiki, akaning'iniza na jembe bovu liwe kengele. Petro akaacha mbwembwe za solo, akawa anarudia kipande kilekile mpaka unakisikia kwenye magoti. Kinanda changu kina funguo zilizokufa, kwa hiyo nikapiga zilizo hai. Wimbo mmoja unaenda mpaka mafuta ya jenereta yaishe. Kuumaliza kwa namna nyingine tulikuwa hatujui.

Watu wakaja mazoezini, wakakaa, wakasubiri. Mwishowe mama mmoja akasema kwa upole, "Wanangu, mkimaliza kujaribu vyombo mtuambie, ili wimbo uanze."

Nyumbani ndiyo kulikuwa na shida yenyewe. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Aliniita akaniambia, "Muziki usio na maneno hauna ujumbe. Na kisicho na ujumbe, shetani anaweza kukiandikia wa kwake."

Tukapigwa marufuku uani kwake. Ieleweke kwamba huyu ni mtu anayesinzia wakati wa mahubiri, ambayo ni maneno mwanzo mpaka mwisho.

Katikati hapo akaja mtaalamu wa muziki kutoka mjini. Aliona clip yetu kwenye simu. Headphone shingoni, viatu vyeupe kwenye tope letu. Akafumba macho akasikiliza.

"Hii ni experimental," akasema. "Nasikia uchungu wa milima."

Tluway akamjibu, "Hapana kaka, hayo ni maharage."

Akatushauri tukipanda stejini tuvue mashati na tujipake majivu, ili tuwe na asili. Petro akamwuliza kama amewahi kuamka kwenye baridi ya Mbulu mwezi wa saba. Jamaa akaahidi kutupigia. Nafikiri bado anatafuta network.

Sasa njooni kwenye harusi.

Dada yangu Paskalina alichumbiwa na Gidamis, kijana wa familia ya wafugaji wa Balangdalalu, kule Hanang. Wenyeji mnajua. Sisi wakulima na wenzetu wafugaji tumegombania malisho na mashamba toka enzi za mababu. Wazee wa pande zote walikubali, ila walikubali kwa meno, si kwa moyo. Dada alilia sana miezi ile. Aliniambia, "Siku hiyo wakikosana kidogo tu, mimi ndiye nitakayelipa maisha yangu yote."

Baba akataka kila kitu kiwe cha heshima. Akaagiza disko na MC kutoka mjini. Sisi bendi tukaambiwa tuje kama wageni, mikono mitupu.

Tluway hajui kwenda popote mikono mitupu. Mapipa na vyombo vyetu vingine vyote alivificha kwenye fuso lililotubeba, chini ya magunia.

Mvua ikanyesha. Gari la disko likazama kwenye tope njiani, na MC wake ndani. Tumefika kwa wakwe, ubwabwa umeliwa, mbuzi ameliwa, kimya. Upande huu makoti na tai. Upande ule mashuka na bangili. Katikati uwanja mtupu, kila upande unautazama mwingine kama mpaka wa shamba.

Mzee mmoja wa upande wa pili akauliza kwa sauti, "Hawa wamekuja harusini au msibani?"

Hakuna aliyecheka. Nikamwona dada ameinamisha kichwa chini ya shela.

Baba akanijia, hanitazami usoni.

"Vile vipipa vyenu, mmekuja navyo?"

"Viko kwenye fuso, baba."

"Pigeni. Polepole. Kwa heshima."

Wakuu, biti ya maharage haina toleo la heshima. Tukapiga ilivyo.

Mwanzoni watu wakasubiri, kama kawaida. Mjomba wangu, aliyejipa u-MC bila kuombwa, akatangaza, "Wageni waheshimiwa, tuvumiliane, mwimbaji yuko njiani."

Ndipo mama mzazi wa Gidamis akasimama. Sketi ya ngozi, bangili mpaka kiwikoni. Akakanyaga chini, bangili zikalia palepale kwenye biti. Akakanyaga tena. Vijana wakaingia wakaanza kuruka. Wanawake wa kwao wakaanzisha wimbo kwa lugha yao, juu ya muziki wetu. Kina mama wa kwaya yetu wakaona hapana, hawashindwi, wakaingia na pambio.

Lugha mbili, biti moja. Hakuna aliyemwelewa mwenzake, na hakuna aliyegombana. Dada akainua shela, anacheka na machozi yanamtoka.

Kisha mama yule akamwendea baba, akamshika mkono.

Baba alisimama kama nguzo ya umeme. Halafu bega likatikisika. Halafu la pili. Akavua koti.

Wakuu, nilipotea kwenye kinanda. Mzee alikuwa anaruka, tai imehamia mgongoni.

Jumapili wazee wenzake wakamweka kikao. Mimi nilikuwa nje ya dirisha.

"Mzee mwenzetu, ni kweli ulicheza?"

"Sikucheza," baba akajibu. "Nilikuwa naenda kusalimia wakwe. Njia ilikuwa na mashimo."

Kisha mzee mmoja, aliyekuwepo kule Balangdalalu, akakohoa.

"Ni kweli. Hata mimi niliyaona hayo mashimo. Niliyaruka mengi tu."

Kikao kikafungwa kwa sala.

Nilichojifunza: ukisubiri mpaka kila kitu kikamilike, utazeeka unajaribu vyombo. Piga kilichopo. Watakaokuja na maneno watakuja nayo wenyewe.

Nani mwingine humu amewahi kumkuta mzazi wake kwenye mashimo ya namna hiyo? Shusheni mikasa, nasoma yote.