Mafuta ya Kondoo

Jirani amempaka mtoto wake mafuta ya kondoo, na ile harufu nzito imenirudisha Namanga, asubuhi tuliyovuka mpaka kwenda mashindano ya mpira ya watoto. Koko, nyanya yake kipa wetu, alitubariki kwa kutupaka mafuta hayo mikono na miguu, tukang'aa kama sufuria mpya.

Shuti la kwanza lilimteleza kipa likaingia wavuni. La pili pia.

"Pangusa mikono na mchanga!" kocha alifoka.

"Siwezi, kocha! Ni baraka ya koko!"

Tulifungwa mpaka refa akatuonea huruma. Tuliporudi tukamweleza koko, naye akamkazia mjukuu macho.

"Sasa wewe ulikuwa unashika mpira kwa nini? Si mliniambia unachezwa na miguu?"