Mgeni Kutoka Izimbya

Juzi, stendi ya Muleba, nilimwona msichana ameketi kimya katikati ya shangazi zake wawili, uso unang'aa mafuta. Nikamkumbuka yule aliyeletwa kwetu mchana mmoja nilipokuwa mdogo.

Alikuja na shangazi yangu kutoka Izimbya, akinukia samli aliyopakwa mwilini. Mama alikuwa nje akimenya ndizi. Nilimwuliza shangazi kama mgeni angekaa nasi.

"Atakuzalia kaka," alisema, kisha akamgeukia baba. "Una wasichana watupu. Kibanja hiki, na migomba yote hii, utamwachia nani?"

Nilikitazama kikapu alichokishika mgeni, nikidhani kaka yumo ndani. Huko nje kisu cha mama kikanyamaza.

Baba alimtazama yule msichana kwa muda mrefu. Nilifikiri anamwonea huruma. Leo najua alikuwa akimtamani, na mtoto wa kiume alimtaka kweli.

"Dada," alisema mwishowe, "nilimwahidi Mungu kanisani kwamba nitakuwa na mke mmoja."

"Huyo Mungu ndiye aliyekunyima mwana!"

"Basi na aninyime."

Akakata mkungu wa ndizi, akawabebea wageni mpaka barabarani. Kaka hatukumpata kamwe, na baba alipofariki kibanja kilikwenda kwa watoto wa kiume wa baba mkubwa.

Lakini jioni ile, aliporudi, aliketi chini karibu na mama, akaegemeza kichwa begani kwake.

"Baba anaumwa?" niliuliza.

"Amechoka," mama alijibu, akimshika mkono.

Nilishangaa, maana barabara ilikuwa hapo tu, nyuma ya migomba.