Bibi Anayeita Kutoka Goba

Msidhani nilikwenda kutembea, ndugu zangu wa Upareni. Nilipelekwa na masomo. Shahada yangu ya uzamili inahusu familia zilizohamia mjini na afya ya akili. Kaka mmoja wa Goba, Eliudi, Mpare mwenzetu aliyesikia habari za utafiti wangu, alinipigia akisema mama yake ameanza kuongea na watu wasiokuwepo. Alitaka nimshauri kama amfungie ndani au ampeleke hospitali.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Temeke, dodoso mkobani. Bodaboda ilinipandisha vilima vya Goba, kila nyumba na ukuta wake. Moyo uliniuma. Vilima vile vinafanana na kwetu, ila huoni mtu wa kusalimiana naye.

Saa mbili nilifika. Geti lilikuwa limepigwa kufuli. Eliudi alinifungulia, akanipeleka uani. Mama yake, Bibi Nakijwa, alikuwa amesimama akitazama kilima cha pili. Akaita jina kwa sauti ndefu, kwa Kipare. Akanyamaza, akatega sikio. Akaita jina jingine.

"Unaona, sista? Anaamkaga hivi kila siku. Majirani washaanza kusema."

"Lakini kaka, kwetu si ndivyo wanavyosalimiana, kilima kwa kilima?"

"Najua, mie si nimekulia huko. Ila hao anaowaita wote tumeshawazika."

Nilimwamkia bibi, akaniuliza jina, nikamwambia naitwa Nanzia. Kisha nikamsomea swali la dodoso: je, huwa anasikia sauti za watu wasiokuwepo?

Aliniangalia kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi. "Sisikii, mwanangu. Ningekuwa nawasikia, ningeita mpaka koo likauke?"

Nilimwambia Eliudi kwamba nilichokiona ni upweke na misiba mingi, amtafutie mtu wa kumsikiliza, na kwanza aondoe lile kufuli. Alikubali, ila aliponitoa getini alilipiga kufuli tena nyuma yangu.

Saa nne nilishuka kwa miguu. Nilipofika chini, kijiweni kwa bodaboda, nilimsikia bibi akiita tena. Safari hii aliita Nanzia.

Najua kuitika, nilifundishwa na bibi yangu mwenyewe. Lakini vijana wa kijiweni walikuwa wananitazama. Nikaona haya, nikapanda pikipiki.

Dodoso nimelijaza lote. Nilichojifunza Goba hakimo humo: bibi yule alipata mtu mmoja aliye hai wa kumwita, na huyo naye hakuitika.