Nguo Zilizoliwa na Jua

Kiwandani walimwita Bi Anika, na jina hilo alilipata kwa haki. Kazi yake ilikuwa kufua nguo za kinga za wanaume wa tangini: aproni nzito za manjano, suruali za mpira na glavu ndefu zinazofika kwenye kiwiko. Kiwanda kilitengeneza masinki na mapipa ya chuma kisichoshika kutu, na kabla chuma hicho hakijang'aa, sharti kichovywe kwanza katika tangi la asidi. Asidi yenyewe haikuwa na makeke. Ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa, haikutoa povu wala haikuchemka. Mgeni angeweza kunawa uso humo.

Alipoanza kazi alikuta nguo zinaanikwa kwenye ujia wa ndani ulio nyuma ya karakana, mahali ambapo jua halikuwahi kutia mguu. Zilikauka kwa mbinde, na zilipokauka zilivunda. Wanaume walizivaa wamekunja pua.

"Bi Anika," fundi wa tangi alimwambia siku moja, akiwa ameishika glavu kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, "sisi hatutauawa na asidi. Hii harufu itatuwahi."

Fundi huyo alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la mbele na maneno mengi, na kila alilosema lilichekesha. Lakini Bi Anika hakucheka. Alikuwa mwanamke anayeona haya kazi yake ikitiwa kasoro, tena mbele ya mdogo wake. Maana mdogo wake wa kiume naye alifanya kazi tangini. Nyumbani walimwita Chelewa kwa sababu mama yao alimzaa alipokuwa ameshafunga hesabu ya watoto. Mama alipofariki, Bi Anika ndiye aliyemlea, akamsomesha kadiri alivyoweza, kisha akamwombea kibarua hapo hapo kiwandani.

Basi akaenda kwa msimamizi akaomba ufunguo wa paa. Huko juu kulikuwa na uwanja mpana wa saruji, jua tupu kutoka asubuhi hadi jioni. Akafunga waya kutoka pembe hadi pembe, akaanika. Jioni ile nguo zilishuka zikiwa kavu, nyepesi, zinanukia hewa. Fundi aliivaa aproni yake, akazunguka karakana nzima akiringa kama bwana harusi, na tangu siku hiyo ufunguo wa paa ukawa wa Bi Anika.

Alilipenda jua. Aliamini kwamba hakuna uchafu wala kijidudu kinachoweza kusimama mbele yake. Glavu zisizo na kazi aliziacha huko juu hata mwisho wa juma. Na zile suruali kubwa zenye viatu vyake, ambazo wanaume walizivaa mara chache tu tangi linapomwagwa na kusuguliwa, hakuzishusha kabisa. Stoo ilikuwa finyu. Kwa nini azirundike gizani wakati paa lote ni lake?

Kiangazi kikaingia, kikakaza.

Kitu cha kwanza alichokiona ni vumbi. Alikuwa anakunja aproni, akaona vidole vyake vimekuwa vyeupe kama aliyeshika chaki. Akadhani ni sabuni haikutoka vizuri. Akasuuza upya, mara mbili, akazirudisha kwenye waya juani kwa muda mrefu zaidi. Kesho yake vumbi lilikuwa pale pale. Halafu ile rangi ya manjano ikaanza kupauka, lakini upande mmoja tu, ule uliotazama juu. Glavu nazo zilikakamaa. Alipoikunja moja kwenye kifundo cha mkono, mpira ulifanya mistari midogo midogo, myembamba kuliko unywele, kama kisigino cha mtu anayetembea peku.

Akaitazama mistari ile kwa muda. Kitu fulani kilimkaa vibaya moyoni, lakini hakukipa jina. Alichukua mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, akasugua glavu zote moja baada ya nyingine. Zikang'aa, mistari ikapotea machoni, zikarudi kuwa kama mpya.

"Ona mambo!" fundi alisema alipokabidhiwa. "Huyu dada angekuwa na uwezo angetupiga na pasi."

Wote wakacheka. Chelewa alivaa zake, akafungua na kufumba viganja, akarudi tangini.

Haikupita juma, fundi akaanza kujikuna mkono. Alisema ni jasho. Mwenzake mmoja alitoka na wekundu mapajani, akasema ni suruali aliyonunua kwenye mitumba. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyeziweka sababu hizo pamoja.

Kisha jioni moja, wakiwa mezani nyumbani kwa Bi Anika, Chelewa aliweka kijiko chini.

"Dada, vidole vinaniuma."

"Umevibana?"

"Hapana. Vinauma kwa ndani. Kama kuna kitu kinatafuna mfupa."

Akamshika mkono, akauweka chini ya taa, akaugeuzageuza. Hakuona jeraha. Hakuona lengelenge. Ngozi ilikuwa safi, labda nyeupe kidogo kwenye ncha za vidole viwili. Akampaka dawa ya misuli, akamfunga kitambaa, akamwambia akalale. Kulipokucha alimkuta amekaa kitandani anayumba mbele na nyuma, macho mekundu, na chini ya kucha zile mbili nyama ilikuwa na rangi ya wingu la mvua.

Hospitali hawakumweka foleni. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya chini, alipouliza anafanya kazi gani na kujibiwa, alisimama kabla jibu halijaisha. Alileta marhamu ya kalsiamu, akavichovya vidole humo, akaita sindano.

"Asidi hii haichomi kama moto," alimwambia Bi Anika akiendelea na kazi. "Inapita kwenye ngozi kimya kimya, inakwenda kutafuta mfupa. Maumivu yanakuja yakiwa yamechelewa. Hakuvaa glavu?"

"Alivaa! Glavu nazifua mimi mwenyewe."

"Basi imepita ndani ya glavu. Nenda ukaitazame."

Alirudi kiwandani karibu anakimbia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda chake cha kufulia, akaitoa glavu ya Chelewa ya mkono wa kulia. Akaijaza maji ya bomba, akaisokota mdomo, akaibana kwa viganja viwili. Mwanzo hakuona kitu. Kisha mgongo wa glavu ukaanza kutoa jasho. Matone madogo yalichomoza kwenye vidole na kwenye kifundo, yakakua, yakaungana, yakachuruzika hadi sakafuni.

Mtunza stoo, aliyekuwa akipita, alisimama mlangoni. "Imetoboka?"

"Haina tundu hata moja. Zilinunuliwa lini hizi?"

"Zote pamoja, mzigo mmoja. Nyingine bado zimo kwenye boksi."

"Niletee."

Akaleta jozi moja, bado imefungwa. Ilikuwa na umri ule ule, ilitoka kwenye mashine ile ile, lakini hii ililala gizani siku zote. Ilikuwa laini kama sikio la mtoto. Akaijaza maji, akaibana kwa nguvu zake zote. Haikutoa hata tone. Bi Anika akazitazama hizo mbili, moja huku moja kule. Ile ya boksi haikuwa imefuliwa, hilo alijua. Lakini sabuni haichagui upande. Weupe ulikuwa mgongoni tu, pale glavu inapolitazama jua ikiwa juu ya waya, na jasho lilitokea pale pale.

"Leo wanafanya nini tangini?" aliuliza.

"Leo? Wamelimwaga. Wanasugua chini. Fundi alituma mtu asubuhi akachukue suruali kubwa huko paani."

Hakusikia neno lililofuata. Alikuwa ameshatoka, kanga ya kiunoni imefunguka, glavu ya Chelewa yenye maji mkononi, anakata karakana katikati ya mashine huku watu wakimpisha. Tangi lilikuwa limezama chini ya sakafu, na tope la asidi lililobaki lilimfika fundi magotini. Alikuwa ameinama anasugua pembe.

"Toka!" Bi Anika alipiga kelele. "Toka humo!"

Fundi aliinua uso, akacheka. "Kulikoni, umekuja kutuanika na sisi?"

Bi Anika alisogea hadi ukingoni. Aliinua glavu juu akaibana, na maji yakamchuruzika mkono mzima mbele ya macho ya fundi. Cheko la fundi lilikatika. Alitupa brashi, akashika ngazi. Alipokanyaga daraja la kwanza na goti likakunjika, wote waliokuwepo waliuona mpira wa suruali ukifunguka gotini kama mdomo.

Walimvua pale pale, wakamfungulia mpira wa maji, wakampeleka hospitali kabla hajaanza kusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo lililomwokoa. Ngozi ya magoti yake ilibadilika rangi na kubanduka, lakini miguu ilibaki yake. Chelewa hakuwa na bahati hiyo. Ncha za vidole viwili zilikatwa.

Msimamizi alimpigia simu muuza vifaa, naye akaeleza kama mtu anayesema jambo linalojulikana na kila mtu. Ndani ya jua kuna mionzi isiyoonekana kwa macho, inaitwa urujuanimno, nayo inakata nyuzi zinazoushika mpira na plastiki. Nguo inabaki na umbo lake, ila ule uwezo wa kuzuia unaondoka. Akaongeza kwamba mafuta ya mgando nayo yanaulegeza mpira. Bi Anika alikuwa amesimama hapo hapo pembeni. Hakuna aliyemgeukia, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemtukana.

Alimweleza Chelewa yote akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali. Waya, paa, vumbi, mistari, mafuta.

Chelewa aliugeuza mkono wake uliofungwa bendeji. Mwishowe akasema, "Dada, ungeniambia ziko hivyo, ningezivaa tu. Zilikuwa zinanukia vizuri."

Alisema hivyo kumpoza. Bi Anika aligeuka ukutani akalia.

Nguo mpya zilinunuliwa, na ujia wa nyuma ukatobolewa madirisha, ukatiwa feni. Nguo zikakauka kivulini. Bi Anika aliendelea na kazi, ila sasa kila jozi aliijaza maji kwanza, na wanaume wakajifunza kusubiri bila kulalamika.

Siku moja alikwenda getini kumpelekea mlinzi koti lake. Kwenye dirisha la kibanda cha mlinzi, kofia ngumu za wageni zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, zinaota jua. Zilikuwa nyekundu zamani, sasa zilikuwa na rangi ya fizi. Karibu na hapo kundi la watu wa ukaguzi lilikuwa linasubiri kuingia karakana, kupita chini ya winchi inayobeba vyuma. Mmoja wao alinyoosha mkono kuchukua kofia.

"Samahani baba, subiri kidogo," Bi Anika alisema.

Akaichukua yeye, akaweka dole gumba juu ya utosi wa kofia, akabonyeza. Hakubonyeza kwa nguvu. Kofia ilitoa mlio mdogo, kama ganda la yai, na dole likazama ndani.

Mkaguzi akatazama dole lile, kisha akatazama kofia ambazo wenzake walikuwa wameshazivaa.