Marehemu wa Makoongwe

Zamani habari ya msiba ililetwa na mtu aliyekuja kwa miguu, akabisha hodi, akakaa kitako ndipo akasema; sasa Mzee Hija aliikuta imebandikwa ukutani kwa gundi.

Ilikuwa siku ya kwanza ya sherehe za utamaduni kwenye makumbusho ya kijiji, Mtambile. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala ya karafuu, na sasa walimu wameijaza pishi za mbao, vinu na mbuzi za kukunia nazi, vitu ambavyo Mzee Hija aliviona kwao kila siku bila kiingilio. Alikwenda huku amenuna. Miaka arubaini alipanda mikarafuu, na kusoma alijifundisha mwenyewe ukubwani, kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari. Kwa hiyo hakuipita karatasi bila kuisoma, na alichokisoma alikiamini kuliko alichoambiwa.

Chumba cha mwisho kilikuwa na picha ya wanawake watano juu ya jamvi, wanachambua karafuu. Aliwajua wote. Akasoma chini yake, kidole kikifuata herufi: Marehemu Bi Mwanapili. Marehemu Bi Duni. Marehemu Bi Mgeni. Marehemu Bi Laila. Marehemu Bi Mwanamize.

Kidole kikasimama.

Mwanamize alikuwa umbu lake, tumbo moja, aliyeolewa kisiwani Makoongwe. Mwaka wa tatu huu hawakusemezana. Alipomwoza bintiye, Shamima, alimwalika kaka yake kwa ujumbe wa simu. Mjomba wa biharusi, kualikwa kwa simu! Wakati wa mama yao mjomba aliendewa nyumbani na tambuu ya heshima, akaulizwa rai yake kabla posa haijajibiwa. Mzee Hija akasusa. Mwanamize, damu ile ile, naye akasusa.

"Kafa," alisema, "na kazikwa, na mimi sikushika hata jeneza."

Jirani yake, Ahmada, aliyekuja naye, akatoa simu mfukoni. "Mpigie Shamima, ujue."

"Harusi nimeisusa kwa sababu ya simu, matanga niyaulize kwa simu? Msiba unaendewa, Ahmada."

"Utakwenda kulia na watu washaanua turubai?"

"Kulia hakuna kuchelewa."

Akanunua mchele, akapanda gari hadi Mkoani, akavuka. Ndani ya mashua hakumuuliza mtu neno. Alikuwa akizikumbuka Iddi alizoacha kwenda, na kila aliyecheka mle ndani alimchukia.

Nyumbani kwa Mwanamize hapakuwa na turubai wala watu. Arubaini ishapita, aliwaza. Akabisha hodi.

Akatoka mwanamke na kifuu cha nazi mkononi.

"Kaka Hija?" Akauona mchele, akayaona machozi, uso ukambadilika. "Nani kafa?"

"Weye."

"Mie?"

"Nimesoma. Umebandikwa Mtambile."

Mwanamize akamtazama, kisha akautazama mfuko. "Na huo ndio mchele wa matanga yangu?"

"Ndio."

"Kilo ngapi?"

"Tano."

"Tano! Nimekufulia kanzu ujana wangu wote, matanga yangu kilo tano! Ingia, tuupike kabla sijafa tena."

Alikaa ukumbini akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, mpaka Mwanamize akamwambia anyamaze, majirani watadhani kweli kuna maiti. Shamima akamletea mwanawe, akampakata. Hakuna aliyetaja harusi. Wali ule, ingawa nazi ilizidi, aliula mpaka ukoko.

Asubuhi wakavuka pamoja, wakaenda makumbusho. Mwalimu Mardhiya, aliyeziandika zile karatasi, alipotajiwa jina la mgeni alitamka shahada kwa mshtuko.

"Nisamehe, Bi. Picha ni ya zamani. Nikaona kumtaja maiti bila kumwita marehemu ni kukosa adabu, basi bora niwaombee rehema wote, nisije nikamwacha mmoja."

"Adabu yako imeniua, mwanangu. Nipe kalamu."

Zamani angepita nyumba tano akauliza. Mzee Hija aliliona hilo neno likimjia mdomoni, akalimeza. Siku ile hakuwa na ugomvi na mtu. Mwanamize alilikata neno lake kwa mstari mnene, kisha akayagusa majina mengine manne, moja moja, akawasomea Fatiha. Hao walikuwa wameandikwa sawa.

Chini ya picha palitandikwa jamvi, na wasichana wa skuli walikuwa wanawaonesha wageni namna ya kuchambua. Walichuma punje moja moja, kama watoao mawe kwenye mchele. Mwanamize alivumilia kidogo tu. Akavua viatu, akakaa, akakishika kishada na kukisukuma kiganjani, karafuu zikamwagika huku na konyo, kijiti chake kitupu, likabaki kule.

Mzee Hija akasimama mlangoni, kofia mkononi. Hakukanyaga tena chumba kile maishani mwake. Mara ya mwisho alipowaona wale watano, wanne walikuwa ukutani juu ya majina yao, na wa tano alikuwa chini, juu ya jamvi, akiwagombeza wasichana kwa kuchanganya karafuu na makonyo.