Pikipiki Iliyochaguliwa kwa Macho

Kijijini Kifanya, mtu mzima hapitwi kama mti. Ukimkuta njiani unasimama, unainama kidogo, unasema "Kamwene", halafu unasubiri mpaka aitikie. Akishaitikia mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, na mwisho habari za mvua, hata kama wakati huo inawanyeshea nyote wawili. Mwenye baiskeli hushuka. Mwenye gari hukanyaga breki na kushusha kioo. Ndiyo maana Dorika Mlowe alipoanza kuwapita watu juu ya pikipiki mpya, shingo wima, bila hata kupunguza mwendo, maneno yalifika vitongoji vya mbali kabla ya pikipiki yenyewe.

"Pikipiki imempanda kichwani," walisema wanawake bombani.

"Mwacheni, ni mtaalamu sasa. Mtaalamu hasalimii wachota maji."

Dorika aliyasikia. Maneno ya bombani hayana mlango. Aliyasikia, akayameza, akaendelea kupita, kwa sababu ukweli ulikuwa mdogo mno na wa aibu mno kuutamka: hakuwa na kiburi chochote. Alikuwa hawezi kusimama.

Huyu Dorika hakuzaliwa mtaalamu. Alikuwa mkulima kama wengine, mke wa Edward, mama wa Jasmine, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Parachichi zilipoanza kuingia Kifanya, yeye alishika elimu yake haraka kuliko wengi. Alijua kulipasua tunda moja kutoka mti mzima, akaangalia ganda la kokwa kama limegeuka kahawia, akasema, "Hizi bado, msichume," au, "Hizi tayari." Kabla yake madalali walikuwa wakija mapema, wanachuma matunda machanga, wanalipa bei ya machanga, na mkulima anabaki na miti mitupu na maneno matamu. Hii ni dhuluma, na dhuluma haiogopi kitu kama inavyoogopa mtu anayejua. Kikundi cha wakulima kikamchagua Dorika awe mkaguzi wao. Kwa kuwa mashamba yametawanyika kwenye vilima ambako mvua ikinyesha njia inakuwa sabuni nyekundu, wakakubaliana wamnunulie pikipiki ya porini. Alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule, juu ya pikipiki fupi ya Joackim, kijana wa bodaboda, na alijifunza vizuri.

Siku ya kwenda Makambako kununua, alipangiwa kufuatana na mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lenard, baba yake Edward. Baba mkwe.

Hapo ndipo jambo lilipoharibikia, kabla hata hawajatoka nyumbani. Dorika alikuwa na suruali yake ya kazi, ile aliyojifunzia. Lakini mwanamke gani anasafiri na baba mkwe akiwa amevaa suruali? Tangu aolewe hakuwahi kupita mbele ya mzee yule bila kuinama, wala kula mbele yake akiwa amemtazama. Akavaa sketi ya kitenge ndefu mpaka vifundoni, sweta, na kilemba.

Upepo wa Makambako ulikuwa ukivuma kama kawaida yake. Dukani walipokewa na Hilario, muuzaji mwenye mdomo mwepesi.

"Karibuni. Dereva nani, ni wewe mzee?"

"Mimi ni dereva wa jembe," alijibu Mzee Lenard. "Dereva ni huyu mkwe wangu."

"Safi kabisa! Basi mama, za porini ninazo mbili. Hii ndefu ina nguvu, shokapu zake ndefu, tumbo liko juu, jiwe haligusi injini. Hii nyingine ni fupi, nyepesi, injini ndogo, ila tairi zake ni za meno vilevile. Umeendesha muda mrefu?"

"Ndiyo naanza."

"Basi usiangalie nguvu. Anayeanza anaangalia miguu. Panda, nione kama nyayo zote mbili zinalala chini. Ukishindwa kukanyaga kwenye simenti hii, kwenye matope ya kwenu utalala nayo."

Kupanda maana yake kulikuwa kuikusanya sketi mpaka magotini, kuinua mguu juu na kuuvusha upande wa pili. Pale, mbele ya Hilario, mbele ya vijana wawili waliokaa barazani, na mbele ya baba wa mume wake.

"Panda mama, haing'ati hiyo!" Hilario akasema, na vijana wa barazani wakacheka.

Mzee Lenard akakohoa. Akageukia ukutani, akaanza kusoma kalenda. Aliisoma kwa makini sana. Lakini mtu kugeuza uso si kuondoka, na Dorika alihisi uso ule uliogeuzwa kama moto mgongoni. Jasho likamtoka kwenye baridi. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya kiti cha ile ndefu, kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani.

"Hii inanifaa."

"Hujaipanda."

"Nimeiona."

"Mama, hata kiatu hakinunuliwi kwa kukiona."

"Nimesema inanifaa."

Angechagua hata trekta, mradi watoke mle ndani.

Heshima ni kitu kizuri. Bila heshima tungekuwa kundi la mifugo. Lakini heshima inayomkataza mtu kupima chombo kitakachobeba uhai wake imeshageuka kamba. Na kamba ile, wazee wetu walioisokota hawakuwahi kuifikiria pikipiki. Sisi tuliozikuta pikipiki ndio tulioshindwa kuilegeza.

Waliporudi, pikipiki ikiwa imepakiwa kwenye lori, Mzee Lenard aliwaambia wanakikundi, "Mkwe wangu ana jicho. Ameitazama mara moja tu, akaijua." Watu wakapiga makofi. Edward naye usiku akamuuliza mkewe, "Inakufaa kweli?"

"Inanifaa," akasema Dorika.

Kesho yake, watu walipokwenda mashambani, alivaa suruali, akaisukuma pikipiki nyuma ya nyumba na kuipanda kwa mara ya kwanza. Ncha ya kidole gumba cha mguu wa kushoto iligusa ardhi. Mguu wa kulia ulining'inia hewani kama wa mtoto kwenye benchi la kanisa. Pikipiki ikaegemea polepole, akajaribu kuizuia, ikamzidi uzito, na wote wawili wakalala kwenye majani ya maboga. Hakuumia. Alibaki pale chini kitambo akitazama anga, huku sifa za baba mkwe zikimrudia masikioni. Angeweza kwenda siku ileile kusema: nimekosea, tuirudishe. Ilikuwa bado haina mkwaruzo zaidi ya ule mmoja. Lakini angesemaje kwamba hakuipanda? Na angesemaje sababu yake, na aliyesababisha ni nani?

Akainyanyua kwa mgongo, akaifuta tope, akanyamaza.

Toka siku hiyo alijitengenezea Kifanya nyingine ambayo yeye peke yake aliijua. Ilikuwa nchi ya mahali pa kukanyagia. Kichuguu kilichoko karibu na shule. Gogo la mkaratusi mbele ya duka. Ngazi ya zahanati. Ukingo wa daraja dogo. Hapo aliweza kusimama, akaweka mguu juu ya kitu na kujifanya anapumzika. Kati ya kichuguu na gogo, kati ya gogo na ngazi, hapakuwa na kusimama. Na watu, kwa bahati mbaya, hawakai kwenye vichuguu. Wanatembea njiani.

Kazi ilikwenda vizuri, hilo lisemwe. Madalali walifika mara mbili wakakuta Dorika ameshapita, wenye mashamba wakakataa kuchumisha, wakaondoka na makreti matupu. Lakini hata aliowaokolea mavuno walimtazama kwa pembeni.

"Dada Dori," Joackim alimtania siku moja dukani, "siku hizi unasalimia kwa honi? Honi moja shikamoo, honi mbili hujambo?"

"Nina haraka, mdogo wangu."

"Haraka ya nani? Parachichi haina miguu."

Watu wakacheka, naye akacheka, mguu wake ukiwa umeng'ang'ania lile gogo.

Aliyemuuma zaidi alikuwa Bibi Letisia. Kikongwe huyu alikaa peke yake kando ya njia, na siku nzima alikuwa nje ya mlango wake akimenya viazi au akiota jua. Dorika alipoolewa akiwa mgeni asiyemjua mtu, Bibi Letisia ndiye aliyemwita kwa jina kabla ya wote. Sasa kila akisikia mlio, bibi aliinua mkono: "Kamwene, mwanangu!" Dorika alipiga honi na kupita. Mwanzoni bibi alicheka na kuupungia moshi. Baadaye aliinua mkono na kuushusha nusu njia. Halafu ikaja siku alisikia mlio na hakuinua uso.

Mchana mmoja, mvua kubwa ilikuwa imetoka kunyesha, Dorika akiteremka kilima kwa gia ya kwanza. Njia ilikuwa imelainika, tairi za meno zikiuma udongo kwa shida. Chini kwenye mteremko akamwona mtu amebeba kiroba cha viazi begani, amelowa chapachapa, koti limemganda. Mtu yule akasogea pembeni, akatua kiroba, akavua kofia, akainua mkono. Haukuwa mkono wa salamu. Ulikuwa mkono wa mtu anayeomba kubebwa.

Alikuwa Mzee Lenard.

Dorika akatazama kulia. Mfereji. Akatazama kushoto. Nyasi zilizolala na maji. Hapakuwa na jiwe wala gogo wala tuta. Breki ikaguswa, pikipiki ikayumba, na katika kuyumba kule akajiona tayari amelala kwenye tope miguuni pa baba mkwe, suruali imechafuka, miguu juu. Akaachia breki. Akapita. Tairi la nyuma likarusha maji mekundu, yakampata mzee kuanzia magotini mpaka kifuani.

"Baba!" alipiga kelele, lakini injini iliimeza sauti.

Mbele kidogo palikuwa na kichuguu. Alisimama pale, akazima. Toka pale mpaka kwa mzee hapakuwa mbali. Mtu angeshuka na kurudi kwa miguu, akabeba kile kiroba, akapiga magoti kwenye tope na kuomba radhi. Aliwaza hivyo hivyo, neno kwa neno. Kisha akamwona mzee, kwa mbali, anavaa kofia yake, anainama, anajitwika tena. Dorika akapiga kiki, akaondoka.

Hilo ndilo aliloshindwa kujisamehe. Miguu mifupi alipewa na Mungu. Kuondoka aliondoka mwenyewe.

Kikundi kikaitisha kikao ghalani, kati ya makreti. Msemaji mmoja baada ya mwingine akasimama. Hawakuikataa kazi yake, walimkataa yeye. Mkaguzi asiyesalimia watu, walisema, kesho atawadharau, keshokutwa atawauza. Mmoja akapendekeza pikipiki na kazi yote apewe Joackim, yeye ni mchangamfu, na ukaguzi atafundishwa. Wengi wakaitikia.

"Mwenyekiti unasemaje?" wakamwuliza Mzee Lenard.

Mzee alikuwa amevaa koti lilelile. Lilikuwa limefuliwa, lakini udongo wa Kifanya hautoki kwa mara moja. "Mimi ni mkwe," alisema taratibu. "Siwezi kumhukumu Mama Jasmine. Waseme wengine."

Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Dorika akasimama. "Naomba mtoke nje. Wote. Na baba pia."

Walitoka wakinung'unika. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa kwenye ngazi ya ghala, kama kawaida yake. Aliisukuma mpaka katikati ya uwanja, mahali patupu, akaishusha stendi. Akafungua kitenge alichokuwa amejifunga juu ya suruali, akakikunja, akakiweka chini.  Mbele ya macho ya baba mkwe, kitu ambacho hakuwahi kudhani atakifanya mpaka kifo, aliinua mguu, akauvusha na kukaa. Kisha akaipandisha stendi.

Miguu ikaning'inia. Kidole kimoja kikakwaruza vumbi, kikateleza, na pikipiki ikaanguka naye mbele ya kikundi kizima.

Joackim alicheka kwanza. Akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

"Ndiyo sababu," alisema Dorika akiwa bado chini. "Nikisimama naanguka. Dukani tuliambiwa niipande, sikuipanda. Niliona haya mbele ya baba, nikasema inanifaa. Haijanifaa hata siku moja. Nimewapita wote, nikaona afadhali mniite mwenye kiburi kuliko mnicheke. Na baba nilikuona. Ulinyoosha mkono, nikakuona vizuri kabisa. Nilisimama mbele kwenye kichuguu, na sikurudi."

 Mzee Lenard alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaizungusha.

"Na mimi nilisoma kalenda," akasema mwishowe. "Ilikuwa ya mwaka juzi. Nilijua ni ya mwaka juzi, nikaendelea kuisoma. Ningetoka nje tu, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi."

Akamgeukia Joackim. "Wewe unayecheka, mwinulie pikipiki."

Walikwenda Makambako tena, wawili walewale, kuibadilisha. Safari hii Dorika alivaa suruali toka nyumbani, na mzee alibaki kando ya barabara kwa mchoma mahindi, ameupa mgongo ule upande wa duka. Hilario alimtolea ile fupi. Dorika akaipanda. Nyayo zote mbili zikalala kwenye simenti, visigino na vyote. Akaiyumbisha kulia na kushoto. Kisha akashuka, akailaza chini makusudi, akainyanyua tena mwenyewe.

"Hiyo nayo ya nini, mama?"

"Kwetu kuna matope."

Mikwaruzo ya ile ndefu ilikuwa na gharama yake. Kikundi kiliibeba bila kumtajia, naye aliijua kwa jinsi walivyokwepa kuitaja.

Asubuhi ya kwanza ya kazi alisimama kwa kila aliyemkuta. Alichelewa kila shamba. Kwa Bibi Letisia alizima injini, akavua helmeti, akakanyaga tope kwa miguu yote miwili.

"Kamwene, bibi."

Bibi alikuwa anamenya kiazi. Ganda likashuka refu, bila kukatika, mpaka chini.

"Leo huna haraka?"

"Sina, bibi."

"Pita tu, mama. Mimi nimeshazoea."

Akachukua kiazi kingine. Dorika hakupita. Salamu yake ilikuwa haijaitikiwa, na kwao mtu hasogei mpaka aitikiwe. Akabaki pale, helmeti mkononi, miguu chini, akisubiri, na manyunyu yakaanza kumdondokea kichwani.