Kompyuta Yangu Haina Ubovu

Kompyuta yangu haikuwa na ubovu wowote. Mbovu ni mkwe wangu, na hilo nitamwambia usoni.

Alimwoa binti wa kaka yangu, ambaye sote twamwita Fundi, maana alitengeneza kompyuta dukani na wateja walimsubiri yeye tu. Baada ya harusi bwana akamwachisha kazi. Sokoni asiende, kwa marafiki asiende. Bwana mwenyewe hagombi, hapigi kelele. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nikienda mimi, mama mkwe huja kuketi katikati yetu mpaka niage.

Ulibaki mlango mmoja: kompyuta yangu ikigoma, anaruhusiwa kuja kuitengeneza. Basi ikawa inagoma kweli kweli! Nachomoa waya wa skrini, nampigia. Anakuja, anauchomeka, tunacheka mpaka jioni. Safari ya mwisho hakucheka.

"Shangazi, mle ndani naishiwa pumzi."

"Ukija tena, njoo na vyeti vyako," nikamwambia. "Hutarudi kule."

Jana nikapiga simu. Akapokea mume.

"Shikamoo shangazi. Imegoma tena? Hebu izime, uiwashe."

Kumbe amemsikiliza mkewe mpaka amekariri! Nikasema nimeshafanya.

"Umeme upo ukutani? Chomoa waya zote, uzichomeke upya. Kitufe cha kuwashia kishikilie kidogo."

Kila alipouliza, nilisikia kama komeo likisukumwa. Hasira zikanipanda. Nikachukua kikombe cha chai, nikakimimina chote ndani ya kompyuta. Ikalia chwaa!

"Inatoa moshi!" nikapiga yowe. "Mlete Fundi!"

"Pole sana, shangazi. Hiyo basi imekufa, hata yeye haiwezi. Hana haja ya kuja tena."

Ole wangu! Nimejipalia makaa kwa mikono yangu mwenyewe. Nyuma yake nikamsikia Fundi, mwanangu, akipaza sauti: "Shangazi, usiitupe! Acha ikauke, nita..."

Simu ikakatwa.

Nimeifungua, nimeianika dirishani usiku kucha. Asubuhi hii nimeichomeka na kubonyeza. Kimya. Mimi niliyezoea kuiharibu, leo naibembeleza kama mtoto mgonjwa: waka mara moja tu, mwenzangu, upate kugoma tena.

Nimechomoa waya zote. Nazichomeka upya.